Kusimama na Mzigo

Jumamosi ile mume wangu alitaka begi, mimi nilitaka kitanda. Tukaenda kutafuta begi, maana nyumbani kwetu neno la mgonjwa halina rufaa, na yeye alikuwa ameugua muda mrefu hadi akaizoea ile hali ya kusema jambo likafanyika.

Nisieleweke vibaya. Mume wangu nampenda, na angekufa ningekufa nyuma yake. Lakini mtu unaweza kumpenda hivyo na bado ukatamani aondoke mbele ya macho yako siku chache, ulale mpaka ushibe, uamke, ugeuke upande wa pili ulale tena. Hilo ndilo lilikuwa ombi langu, na nililiomba kila siku huku nakoroga uji.

Ugonjwa ulianza na kikohozi alichokidharau. Kikohozi kikaleta homa, homa ikaleta maji kwenye mapafu, wakampasua ubavuni kuyatoa, na alipoteremshwa kwenye gari kurudi nyumbani miguu yake ilikuwa imekonda, suruali zinampwaya kama ameazima. Daktari alisema miguu itarudi yenyewe kwa mazoezi na subira. Mazoezi yakawa yake, subira nikaachiwa mimi. Asubuhi namwinua kitandani, namkalisha. Namwinua kwenye kiti, nampeleka chooni, nangoja mlangoni, namwinua tena. Kumwinua kwenyewe kuna namna yake, kwa sababu ya ule ubavu uliopasuliwa. Rafiki yake mmoja alijaribu siku moja kwa nia njema, mume wangu akapiga yowe mpaka majirani wakachungulia. Tangu hapo ikawa mkono ni wangu tu.

Nikishamkalisha naenda kazini, chumba cha kufulia cha hoteli moja. Kutwa nzima napiga pasi mashuka meupe ambayo watu wengine watayalalia. Sitaki kusema sana juu ya hilo, lakini jaribuni nyinyi kusinzia mmesimama huku mmeshika shuka lenye joto, halafu mniambie. Jioni narudi, namwinua. Binti yetu anaishi mbali na hupiga simu kila siku kunisisitiza nipumzike. Namsikiliza kwa adabu mpaka anamaliza, halafu baba yake ananiita.

Pole pole alianza kupata nafuu. Akaweza kutembea ameshika ukuta mpaka getini, kisha bila kushika ukuta, na tukaanza kusema kwamba asubuhi anasimama mwenyewe, mimi nipo kando tu. Rangi ikamrudi usoni, na maneno yakamrudi mdomoni, na hapo ndipo msimu wa kuwinda ukamwingia kichwani.

Wako wanne. Mume wangu, ambaye wenzake humwita Kamanda ingawa maisha yake yote amekuwa fundi wa lifti. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, dereva wa basi la shule. Na marafiki zao wawili wa tangu ujana, fundi bomba na mfamasia. Kila mwaka vibali vikitoka hufunga safari kwenda milimani kuwinda kulungu. Si ule uwindaji wa kwenda na gari na kurudi jioni unapunga mkono dirishani. Gari wanaliacha pale barabara inapokoma, halafu ni miguu. Wanalala kwenye mahema, wanakula walichobeba, na wakijaliwa nyama wanaiteremsha kwa migongo yao. Siku tano nzima hujui kama wapo hai ama la. Miaka ya nyuma nilikuwa nalalamika kuhusu hizo siku tano. Mwaka huu nilizihesabu kama mtoto anavyongoja likizo.

Lakini wanaume hawa wana sheria yao, na sheria yenyewe wanaiita Kusimama. Jumapili moja kabla ya safari wanakutana uani kwa shemeji, kila mtu na begi lake limejazwa uzito ule ule atakaorudi nao, nyama na vyote. Unakaa chini, unavaa begi ukiwa umekaa, unafunga mkanda, halafu unasimama. Hakuna kushika ukuta, hakuna kushika mti, hakuna mkono wa mtu. Ukisimama unakwenda. Usiposimama unabaki, na hakuna kujadiliana. Wanasema kule juu, kwenye miteremko, mtu asiyeweza kuinuka na mzigo wake anakuwa mzigo wa wenzake, na nyama haiwezi kungoja watu watafute njia ya kumbeba.

Aliyeitunga sheria hiyo ni Kamanda mwenyewe. Mwaka ambao fundi bomba aliumwa goti, alijaribu mara mbili akashindwa, na mume wangu akamwambia mbele ya watu, "Rudi nyumbani, ukamsaidie mkeo kuosha vyombo." Fundi bomba hakumsemesha mpaka msimu mwingine.

Basi sasa ilikuwa zamu ya mtunga sheria. Alilitoa begi lake la zamani chini ya kitanda, la turubai nene na fremu ya mabomba, akatia ndani madumu mawili ya maji, akalivaa akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na kabla sijamfikia begi likamvuta chali kwenye godoro. Alibaki pale anaangalia dari. Kisha akasema begi limezeeka.

Ningesema nini? Kwamba begi na yeye wana umri unaokaribiana?

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa ya mabegi. Alikuwa anaangalia video kwenye simu tangu asubuhi, na mimi nikimlisha uji ananieleza habari za lita. Begi la lita hamsini ni la watoto wa shule. Lita themanini ndio mwanzo wa mazungumzo. Kuna mabegi yenye fremu inayotengana na mfuko, ukiua mnyama unafungua kamba, nyama inakaa katikati, karibu na mgongo. Kuna vitambaa visivyopiga kelele vikigusa majani. Kuna mikanda ya kiunoni iliyotiwa sponji, inayochukua mzigo wote, mabega yanabaki ya kupamba tu. Huo mkanda ndio alioupenda zaidi. Aliuzungumzia kwa macho yanayong'aa, kama mtu aliyesikia kwamba kuna kijiji watu hawazeeki.

Katikati ya wiki shemeji alikuja kumjulia hali. Alipomaliza kucheka na kaka yake sebuleni akanifuata jikoni, akajitia kusaidia kufuta sahani, na nikajua kuna jambo. Alizunguka sana. Mwishoni akasema Kamanda hatasimama, kila mtu anajua, na hakuna hata mmoja kati yao atakayekuwa na uso wa kumwambia arudi nyumbani. Akaniomba nimshawishi asije kabisa.

"Wewe atakusikia, shemeji," akasema.

"Mimi nataka aende."

Akaacha kufuta sahani.

"Nataka kulala, shemeji," nikamwambia. "Siku tano. Bila mtu wa kuniita."

Aliniangalia kama nimemwambia nataka kumtilia kaka yake sumu. Akanikumbusha kwamba mlimani si hospitali. Nikamjibu kwamba na nyumbani kwangu pia si hospitali, ila sijamwona mtu akijali. Yeye akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi, kwamba kule juu mtu akizidiwa ni mwendo wa siku nzima mpaka barabarani. Hilo nililijua. Ndiyo maana hata ule usingizi wa kuuwaza tu sikuweza kuufaidi: nikijiona nimelala kwa raha, namwona na yeye ameanguka kwenye mawe, uso umekuwa wa kijivu, wenzake wamemzunguka hawajui wamshike wapi. Niliona haya. Lakini haya haikuondoa uchovu. Tukakubaliana na shemeji kwamba Kusimama kutaamua, mimi nisimzuie wala nisimsukume.

Ndivyo tulivyofika dukani.

Ni duka refu, jembamba, linalouza kila kitu cha watu wanaopenda kulala nje wakati wana nyumba. Mbele kuna viatu, katikati mabegi yamening'inizwa kwenye kulabu, nyuma kabisa mahema yamesimamishwa na mifuko ya kulalia imetundikwa kama nguo za dobi. Linanuka mpira na turubai jipya. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, futi ya kitambaa shingoni, miwani juu ya nywele, na sauti ya mwalimu wa zamu. Hakutuuliza tunataka rangi gani. Aliuliza ni safari ya siku ngapi, kuna maji njiani au yanabebwa, na nyama inateremshwa na punda au na watu.

"Na watu," mume wangu akasema, akatunisha kifua.

Muuzaji alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akanitazama mimi, na alichokifikiria akabaki nacho. Akamgeuza, akatafuta kwa kidole ule mfupa unaochomoza chini ya shingo, akateremsha futi mpaka juu ya nyonga. Alisema mgongo ndio unaopimwa, urefu wa mtu hauhusiani. Begi likiwa refu kuliko mgongo, mkanda unateleza mpaka makalioni na mabega yanabeba kila kitu. Likiwa fupi, mkanda unakaba tumbo na mtu hapumui vizuri. Aliposema habari ya kupumua nilimwangalia mume wangu, yeye akawa anachunguza zipu.

Begi la kwanza lilikuwa la mifuko mingi. Kila mahali mfuko, na ndani ya mfuko mfuko. Nikamtania kwamba akilinunua hilo nitakuwa namtafutia miwani yake humo mpaka uzee uishe. Begi la pili lilikuwa jepesi ajabu, aliliinua kwa kidole kimoja, akataka tulichukue papo hapo. Muuzaji akakataa. Halina fremu, akasema. Ukilitia nyama mbichi litalegea na kukuvuta nyuma, na kwenye mteremko utajikuta umekaa. La tatu lilikuwa na fremu, mkanda mnene, na nafasi ya kufungia nyama katikati. Mume wangu alilipapasa kimya. Nikajua moyo umeshatua.

Wana mifuko midogo ya turubai iliyojazwa mchanga, ya kujaribia. Muuzaji akaipanga ndani, mizito karibu na mgongo, usawa wa katikati, myepesi chini na juu. Mume wangu akataka uzito wa kurudi, wote. Wakamvisha akiwa amesimama, muuzaji akakaza mkanda, kisha kamba za mabega, kisha zile ndogo za juu. Akatembea. Alikwenda mpaka kwenye viatu akarudi, taratibu, kidevu juu, na nikamwona yule Kamanda wa siku zote kwa mara ya kwanza tangu kile kikohozi. Muuzaji akatikisa kichwa kukubali. Kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha.

"Sasa nikae," mume wangu akasema.

Ikabidi amweleze habari ya Kusimama. Muuzaji alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni nani aliyewatungia sheria ya namna hiyo. Mume wangu akakohoa. Mimi nikamsaidia kukaa chini.

Alijaribu mara ya kwanza, begi likamlaza ubavu. Akasema mkanda umeteleza. Ukakazwa. Akajaribu tena, akafika nusu, akarudi chini kwa kishindo. Akasema mchanga umepangwa vibaya. Ukapangwa upya. Kijana mmoja aliyekuwa anajaribu viatu akaacha kujaribu viatu. Mume wangu alikuwa ametoka jasho, ukosi wa shati umelowa, na hakuniangalia hata mara moja, akawa anaongea na begi tu, alisogeze hivi, alivute hivi. Nilisimama kando yake kama ninavyosimama kando yake kila siku. Nilichoka mpaka nilikuwa nasikia masikio yangu yanavuma. Nikawaza mapazia. Nikawaza kwamba wakiondoka nitayafunga yale mapazia mazito ya chumbani.

Halafu akasimama.

Alisimama wima, na begi mgongoni, na mzigo wote wa kurudi. Alibaki hivyo sekunde kadhaa kama haamini, kisha uso wake wote ukafunguka.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

Na kweli nilikuwa nimeona. Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Kichwani mwangu mapazia yalikuwa yameshafungwa, na yeye alikuwa ameshaanguka kwenye mawe. Akamgeukia muuzaji akasema begi ni hili, hakuna haja ya kuangalia jingine.

Muuzaji hakusogea. "Mzee," akasema, "umeinuliwa."

"Na nani?" nikauliza mimi, kwa ukali kidogo, maana niliona anamvunjia heshima mtu mzima mbele ya watu.

"Na wewe, mama."

Nikatazama. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kwapani mwake, umeingia mpaka kwenye kifundo. Wa kushoto ulikuwa umeshika kiwiko. Goti langu lilikuwa nyuma ya goti lake, pale pale linapokaa kila asubuhi, upande ambao hauna kidonda. Sikuwa na habari. Nawaapia, kama yule mama asingesema ningekwenda kaburini nikishuhudia kwamba mume wangu alisimama mwenyewe. Na nikimwangalia usoni, hata yeye hakuwa na habari. Alikuwa anautazama mkono wangu kama kitu kilichosahauliwa na mteja.

"Unafanya hivi kila siku?" akaniuliza polepole.

"Kila siku."

"Hata asubuhi? Asubuhi nasimama mwenyewe."

"Nilidhani hivyo na mimi," nikamwambia.

Tulikuwa tumemwambia binti yetu. Tulikuwa tumemwambia daktari, wote wawili, kwa roho safi kabisa, kwamba sasa anasimama mwenyewe. Daktari alitupongeza. Na wakati wote ule mkono wangu ulikuwa unaingia kwapani mwake bila ruhusa ya kichwa changu, na yeye ameuzoea mpaka haugundui, kama mtu asivyogundua kwamba amevaa soksi.

Nilijichukia pale pale, kwa sababu wazo jingine lilinijia. Je, mkono ulifanya hivyo kwa mazoea, au ulikuwa na tamaa yake? Nilimtaka asimame. Nilimtaka asimame ili aondoke. Pengine mkono ulisikia ninachokitaka ukakitekeleza, mimi nikiwa nawaza mapazia. Mpaka leo sijui, na sijamuuliza mtu.

Mume wangu alijishusha tena chini, mimi nikimshika, safari hii sote tukijua kwamba namshika. Akakaa, begi mgongoni.

"Nenda kule," akaniambia. Hakusema kwa hasira. "Kaa mbali, mkono usinifikie."

Muuzaji akanichukua mpaka mwisho wa duka, kwenye mahema, akanifungulia kiti cha kukunja chenye mgongo wa kitambaa. Akanikalisha kama mtoto aliyefanya fujo, mikono mapajani. Kutoka pale nilimwona mume wangu katikati ya mifuko ya kulalia iliyotundikwa, kipande tu: bega, kamba ya begi, sikio. Nilimwona akivuta pumzi. Nikajiambia nitazame vizuri, maana kinachoamuliwa pale ni siku zangu tano na labda maisha yake. Nilikaza macho. Kile kiti kilikuwa kimenipokea mgongo wote. Hakuna aliyekuwa ananihitaji upande ule wa duka. Nikaona bega lake linainuka kidogo, na sikuona kilichofuata.

Nilipozinduka shingo ilikuwa imekakamaa na jua lilikuwa limehama, halipo tena kwenye viatu, lipo kwenye mabegi. Nilikuwa nimefunikwa mfuko wa kulalia, kikaratasi cha bei kinanichoma kidevuni. Kwanza sikujua nipo wapi. Kisha nikajua: nimelala, na yeye ameanguka, na hakuna aliyemshika.

Nikainuka mbio, muuzaji akanizuia njiani na kiganja kifuani. Aliniambia kwa sauti ya chini nitulie, mzee yupo salama. Alijaribu, muuzaji akasema, akajaribu tena, akashindwa. Hakulaumu mkanda safari hii. Alifungua begi, akaliweka kando, akajaribu bila begi, napo akashindwa. Yule kijana wa viatu akajitolea kumwinua, mzee akamwonyesha ubavu, akamwambia mahali pa kumshika panajulikana na mtu mmoja tu. "Basi nikaja kukuamsha," muuzaji akasema, "na yeye akaniita nirudi. Aliniambia mtu yeyote asikuguse. Akaniagiza nikufunike."

"Tangu saa ngapi?" nikauliza.

"Tangu ulipolala, mama. Tumefunga, tumekula, tumefungua."

Nilimkuta amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, mgongo kwenye rafu ya viatu, begi limesimama kando yake kama abiria mwenzake. Mama mmoja na mwanawe walikuwa wanamzunguka kwa uangalifu wafikie buti za mvua. Kamanda, aliyemfukuza fundi bomba uani mbele ya watu, amekaa chini dukani siku nzima kama bidhaa iliyokosa mteja. Kila aliyeingia lazima alimuuliza kulikoni, na kila aliyemuuliza lazima alijibiwa.

"Mbona hukuniamsha?" nikamuuliza.

"Ulikuwa unakoroma."

"Na wewe umekaa hapo?"

"Nimekaa." Akaangalia mikono yake. "Nimempigia mdogo wangu. Nimemwambia mwaka huu waende, Kamanda hakusimama. Amenyamaza sana, nikadhani simu imekatika."

Nikalia. Nilitaka kulia kimya lakini uchovu hauna adabu, ulitoka na sauti. Nililia kwa zile siku tano ambazo zilikuwa zimekwenda zao, maana sasa atabaki nyumbani, na Jumatatu asubuhi nitamwinua, na jioni nitamwinua. Nililia kwa hasira pia, kwa nini hakuwahi kuuona mkono wangu mpaka mtu baki amwonyeshe. Na nililia kwa sababu nilimpenda pale chini kuliko nilivyompenda na begi mgongoni, na sikuwa na nguvu hata za kumwambia. Yule mama wa buti za mvua akajifanya anatafuta namba ya mguu.

Nilipomaliza nikajifuta kwa kiganja, nikainama. Mkono ukaenda wenyewe kwapani mwake, goti likatafuta mahali pake.

Akanishika kifundo cha mkono. Aliutoa mkono taratibu, akaurudisha kwangu.

"Bado," akasema. "Hujashiba usingizi. Lala tena, mke wangu. Mimi sina haraka ya kusimama."

Nilimtazama muuzaji. Alikuwa amegeukia upande wa pili, anakunja hema ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Kurudi kwenye kile kiti kulikuwa mbali. Nikaketi chini kando ya mume wangu, nikalivuta lile begi, nikaweka kichwa juu ya ule mchanga wote, nikalala.